Leseni ya Marehemu

Siku serikali ilipowanyima hifadhi, mama mkwe alipiga kigelegele.

Alikipiga palepale mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, kikali na kirefu, mpaka jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa kisigino. Mama Kidoti, mkwe wake, alibaki amesimama na mkoba begani, hajavua hata viatu vya kazini. Njia nzima kutoka kiwanda cha kufulia alikuwa akipanga maneno ya kumpa mama huyu habari mbaya. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa presha kupanda, hata kwa kumdaka asianguke. Kwa kigelegele hakuwa amejiandaa.

"Mama, hukunielewa," alisema. "Wamekataa. Wakili kanisomea barua yote kwa simu. Wanasema sisi waongo."

"Nimekuelewa vizuri sana. Hebu rudia pale pa leseni."

"Wanasema mume wangu hakuuawa. Wamepata rekodi kutoka kwetu kwamba leseni yake ya udereva ilihuishwa miezi saba baada ya siku tuliyosema tumemzika. Kwa hiyo hadithi yetu yote ni ya kutunga."

"Na hiyo imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Na serikali yenyewe?"

"Na serikali yenyewe, mama."

Mama mkwe aliweka mwiko juu ya sufuria, akajifuta mikono kwenye gauni. Macho yake, ambayo kwa miaka yalikuwa kama madirisha ya nyumba isiyokaliwa, yalikuwa yamewaka. "Serikali ya watu hawa haiandiki upuuzi," alisema. "Hata takataka wanaziandikia siku yake. Kama wameandika mwanangu yu hai, basi yu hai."

"Mama, wanataka kuturudisha."

"Waturudishe! Waturudishe hata leo!" Akavuta pumzi, na kigelegele cha pili kikatoka.

Kidoti, aliyekuwa chini ya meza akipaka rangi kwenye kitabu cha shule, alichomoka mbio, akaanza kurukaruka na bibi yake bila kujua wanashangilia nini.

*

Mwanaume huyo waliyekuwa wakibishania uhai wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, tena katibu wa chama cha madereva. Madereva walipogoma, watu wasiotaja majina yao walimfuata kwenye maegesho wakaondoka naye. Kesho yake lori lake lilikutwa limeungua kando ya barabara, na ndani mlikuwa na mtu. Mama Kidoti, mimba yake ikiwa bado changa, aliitwa mochari akaonyeshwa chuma cha mkanda wa suruali kwenye sahani. "Ni wake?" akaulizwa. Akasema ni wake. Jeneza lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali siku ya mazishi; hakuona mkanda, hakuona jeneza, hakuona kaburi. Muda si muda watu wale wakaanza kumfuata mjane wakitaka majina ya wenzake na mumewe, na ndipo wanawake wale wawili walipokimbia, mmoja na mimba yake, mwingine na begi la dawa.

Sasa, miaka sita baadaye, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ukungu kwenye kona za dari, neno "marehemu" lilipigwa marufuku.

"Katika nyumba hii hakuna marehemu," mama mkwe alisema siku ya pili. Siku ya tatu alianza kumpakulia. Sahani aliifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mwisho wa meza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka asubuhi, ambapo yeye mwenyewe aliila bila kusema neno. Alimnunulia shati. Alimwambia Kidoti baba yake anapenda watoto wanaojua kusoma, na mtoto, ambaye hakuwahi kuonyesha hamu ya vitabu, akaanza kumsomea bibi yake maandishi ya pakiti za sabuni.

"Usimpe mtoto matumaini ya uongo, mama."

"Ya uongo? Barua unayo wewe."

Kwa miaka sita hakuwahi kumwona mama huyu akila hadi kushiba, wala kuimba, wala kusuka nywele za mjukuu wake bila mikono kutetemeka. Sasa alikuwa akifanya vyote hivyo, na sababu yake ilikuwa karatasi ileile iliyotaka kuwatupa nje.

Kazini habari zilifika kabla yake. Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na hoteli, na yeye alikuwa upande wa kukunja, upande msafi, penye mvuke na joto zuri. Msimamizi alimwita kando, akamwambia kwa upole wa mtu anayekuvua kitu mwilini kwamba kwa kuwa huenda ataondoka karibuni, ni afadhali nafasi ya kukunja apewe mtu wa kudumu. Akapelekwa upande wa kuchambua, kule mashuka ya hospitali yanakoingia na damu yake na mengine. Alipewa glavu zilizompwaya. Alisema asante, kwa kuwa ndilo neno alilolijua zaidi katika lugha ile.

Na huko, kati ya mikokoteni ya mashuka machafu, ndiko mumewe alikoanza kumtokea. Si uso, uso alishausahau zaidi ya alivyothubutu kukiri. Ulikuwa mgongo. Mgongo wa mtu mpana kidogo, bega moja limeshuka kwa miaka ya kushika usukani, ukipita mwisho wa ukumbi kwenye mvuke. Akitazama vizuri, ni fundi wa boila. Akiinama, mgongo unapita tena.

Jioni moja akitoka kazini aliuona barabarani. Alimfuata mtu yule mitaa mitatu, hatua kwa hatua, mpaka mtu akaingia duka la dawa na yeye akaingia. Mtu aligeuka. Alikuwa na masharubu mekundu na uso wa huruma. Akamuuliza kama anahitaji msaada. Mama Kidoti alinunua dawa ya kikohozi ambayo hakuna aliyeihitaji, akaenda zake.

Kilichomtisha si kwamba alimfuata. Kilichomtisha ni hasira aliyokuwa nayo. Kwa maana kama yu hai, alijiambia akivuka barabara, basi amekaa mahali miaka sita, anakula, anacheka, ana leseni mpya mfukoni, na hajauliza hata mara moja kama mtoto wake alizaliwa wa kike au wa kiume.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la magodoro. Wakili mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, aliyeletwa katika nchi ile akiwa mtoto, na lugha ya wazazi wake aliisema kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Aliwaketisha, akamtafutia mama mkwe mto wa kiti, kisha akaanza kueleza kesi.

"Tumeomba mahakama ipitie uamuzi. Lakini nataka mnielewe. Jaji hataamua kama yeye yu hai au amekufa. Hilo si swali lake. Hataamua hata kama nyinyi mnasema kweli."

"Sasa ataamua nini?" aliuliza Mama Kidoti.

"Kama mlitendewa haki. Rekodi ya leseni waliipata baada ya kuwahoji. Wakaitumia dhidi yenu, wala hawakuwaita kuwauliza. Sheria inawataka wawaulize. Basi jaji atatuuliza: mngeulizwa, mngesema nini? Hapo ndipo ninapowahitaji."

Alifungua jalada, akatoa karatasi, akaigeuza upande wao. "Hii hatukuwa nayo. Upande wa serikali umelazimika kuitoa. Ni nakala ya leseni yenyewe."

Ilikuwa nakala ya nakala. Jina lilisomeka wazi, herufi kwa herufi, jina kamili la mtu ambaye wanawake wale wawili walikuwa wakimlilia kila mmoja kwa namna yake. Lakini picha pembeni yake ilikuwa imemezwa na wino: paji la uso, alama mbili za macho, kivuli cha kidevu.

Mama mkwe aliivuta karatasi karibu kabisa. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akaipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayemfuta mtoto tongotongo.

"Ndiye," alisema. "Mwanangu ndiye huyu. Amekonda."

Wakili akamtazama Mama Kidoti.

Mama Kidoti aliinama juu ya meza. Aliona doa la wino. Kisha doa likaanza kuwa na masikio, na masikio yale yalisimama wima kama mishikio ya chungu, na hakuna aliyekuwa na masikio ya namna ile isipokuwa utingo wa mumewe, kijana waliyemwita Njiti, aliyekuwa akilala kwenye lori na kula kwenye sahani yao. Mara akamwona Njiti mzima mzima. Njiti angekuwa na njia ya kuipata leseni ya bosi wake. Njiti siku zote alitamani kuendesha.

"Si yeye," alisema. "Huyu ni Njiti, utingo wake. Kachukua jina lake apate kazi."

"Njiti!" mama mkwe alifoka. "Njiti alikuwa na uso wa panya! Huoni paji hili? Paji hili nimelizaa mimi!"

"Mama, tazama masikio."

"Utanifundisha masikio ya mwanangu?"

Wakili akasema taratibu: "Mama, wewe ni mwombaji wa pili. Wewe ndiye mama mzazi. Ukila kiapo kwamba si yeye, jaji atasikiliza. Ukila kiapo kwamba ni yeye, kesi imekwisha leo. Na yeye akisema hivi na wewe ukasema vile, ni vibaya kuliko kunyamaza. Siwezi kuwaambia la kusema. Nendeni mkazungumze. Kiapo nakihitaji kabla ya wiki kwisha."

Mlangoni alimgusa Mama Kidoti mkono. "Na kwa vyovyote, kuhusu huyo utingo, tusitaje jina la mtu. Picha ni mbaya sana."

*

Hawakuzungumza njiani. Walizungumza jikoni, siku mbili baadaye, Mama Kidoti akiwa ametoka zamu ya asubuhi na mikono inanuka klorini. Mama mkwe alikuwa akipakua. Alichukua sahani ya nne.

"Mama, hiyo ya nani?"

"Unajua ya nani."

Pengine ilikuwa uchovu. Pengine ilikuwa mgongo ule, uliompitia tena siku hiyo mara nyingi kuliko siku zote. Mama Kidoti alikaa kwenye kiti, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake:

"Sawa. Tuseme yu hai."

Mama mkwe akageuka, uso umefunguka.

"Tuseme yu hai, mama. Nitamwandikia wakili kwamba ni yeye. Tutarudi, tutamkuta. Lakini niambie kwanza, ni mwanaume wa aina gani huyo? Alijua nina mimba. Alijua wewe uko kitandani hospitali. Kaenda zake kukata leseni! Miaka sita wewe unalala kwenye godoro la kuokota, yeye anaendesha. Mtoto wake anauliza baba ana sura gani, yeye anaendesha. Mimi nachambua mashuka ya damu, natukanwa na watoto wadogo, yeye yupo, ana afya, kakonda kidogo tu kama ulivyosema. Mtu wa hivyo hata sahani ya chakula hastahili. Mtu wa hivyo ni mbwa."

"Koma!"

"Ni mbwa, mama. Ni mwoga aliyetelekeza mama yake."

Kibao kilimpata shavuni kabla hajaona mkono ukiinuka. Sahani ilianguka, haikuvunjika, ikazunguka sakafuni ikipiga kelele mpaka ikatulia.

"Usimtukane mwanangu!" mama mkwe alifoka. "Hukumjua wewe, umekaa naye miaka miwili! Mwanangu akichelewa safari hupiga simu. Akipata pancha hupiga simu! Nikiumwa kichwa anageuza lori njiani! Mwanangu mimi hawezi... hawezi kukaa miaka sita mwanangu asinitafute. Hawezi kabisa. Hata wangemfunga minyororo. Angekuwa hai angekuwa..."

Mdomo ulibaki wazi kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba kingine.

Mama Kidoti hakusogea. Shavu lilikuwa linawaka, na alitaka kuyarudisha maneno yake yote, moja moja, lakini hayakuwa na pa kurudi.

Mama mkwe aliinama polepole, mkono mmoja umeshika meza, akaiokota sahani. Aliisuuza. Akaifuta kwa kitambaa, mbele na nyuma, muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji, akairudisha kabatini.

"Mpigie huyo binti," alisema bila kugeuka. "Mwambie si yeye. Ni yule Njiti wako, au ni nani sijui. Mwanangu si yeye."

*

Siku ya mahakama walivaa nguo zao za heshima. Mlangoni mlinzi alimwamuru mama mkwe avue viatu vipite kwenye mashine, akimpazia sauti kama kiziwi, na soksi yake ilikuwa na tundu. Alisimama kwenye marumaru ile baridi na kidole gumba nje, kichwa juu, akiwatazama mawakili wakipita na mabegi yao, mpaka viatu vikarudi.

Ndani walipewa benchi la nyuma pamoja na mkalimani, mzee mwenye koti lililopauka aliyenukia pipi za mnanaa. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza kila kinachosemwa. Mama Kidoti alikuwa ametarajia kuulizwa, alikuwa amekariri tarehe zote, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Hata jina lake halikutajwa. Alikuwa "mwombaji wa kwanza". Walimzungumzia kama watu wanaomzungumzia mgonjwa aliyezimia.

Wakili wa serikali, mwanaume mpole mwenye mafua, alisema kwamba hata kama waombaji wangeulizwa kuhusu leseni, wasingekuwa na jibu lolote la maana, kwa hiyo hawakupoteza kitu. Wakili wao, yule binti, akasimama. Sauti yake ilikuwa nyembamba mwanzoni. Alisema jibu lilikuwepo, na akaomba kusoma kiapo cha mwombaji wa pili.

Alikisoma kwa lugha ya mahakama. Na mkalimani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, aliinama sikioni mwa mama mkwe akaanza kumrudishia:

"Mimi ni mama mzazi wa mtu huyu. Nimemzaa na kumlea. Nimeonyeshwa picha ya leseni. Mtu aliye kwenye picha si mwanangu. Mwanangu amekufa."

Mama mkwe alimgeukia. "Pole sana, kaka," alimnong'oneza. "Ulifiwa lini?"

Mzee yule alitatizika. "Si mimi, mama," alisema. "Ni maneno yako haya. Nakurudishia wewe."

Mama mkwe akatazama mbele. Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika kwenye benchi, ukaupata mkono wa mkwe wake, ukaubana mpaka mifupa ikauma.

Jaji, mwanamke mzito aliyekuwa hajainua kichwa tangu asubuhi, aliinua kichwa. Alimuuliza wakili wa serikali swali moja tu. "Wakili, mlikuwa na rekodi hii mezani kwa wiki tatu. Mngepoteza nini kwa kumuuliza mama huyu?"

Wakili wa serikali alipenga kamasi. Akafungua jalada, akalifunga. Akasema hana maelekezo kutoka serikalini kuhusu jambo hilo.

*

Hukumu ilitoka mvua zilipoanza. Wakili alikuja nayo mwenyewe hadi nyumbani, akapanda ngazi mbili mbili, akamkumbatia Mama Kidoti mlangoni. Wameshinda. Uamuzi umefutwa. Ombi lao litasikilizwa upya, na mtu mwingine, tangu mwanzo.

"Kwa hiyo tumepewa kukaa?" aliuliza Mama Kidoti.

"Bado. Lakini hawawezi kuwarudisha. Mtahojiwa tena."

"Na jaji amesema amekufa?" aliuliza mama mkwe.

"Hilo hakulisema, mama. Nilikwambia si swali lake."

"Kwa hiyo watatuuliza tena."

"Watawauliza tena. Ndiyo ushindi wenyewe." Binti alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka. "Na safari hii hatuingii gizani. Nimeomba upande wa serikali ulete picha halisi, ya rangi, kutoka kwenye ofisi ya leseni kule kwenu. Wameahidi kuileta. Itamaliza ubishi wote."

Alikunywa chai, akamsifu Kidoti kwa mchoro wake, akaaga. Mlango ulipofungwa, wanawake wale wawili walikaa pande mbili za meza wakisikiliza maji yakiteremka kwenye bomba la ukutani. Ilikuwa ni furaha, walijua, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aianze.

"Mkwe," mama mkwe alisema mwishowe. "Una hakika alikuwa Njiti?"

"Mama, wewe ndiye uliyekula kiapo."

"Nilikula kwa sababu wewe uliona. Mimi macho yangu ni ya kubahatisha. Nilijisemea, huyu ni mkewe, ni kijana, macho yake mazima. Ameona masikio."

"Niliona masikio."

"Basi vizuri."

"Nadhani niliona masikio."

Mama mkwe aliinuka akaenda dirishani, akasimama akitazama mvua na barabara. Nje watu walikuwa wakikimbilia vibarazani, na kila mmoja kwa nyuma angeweza kuwa yeyote.

Tangu siku hiyo simu ikilia, wote wawili walitazamana kwanza. Mama Kidoti alirudishwa upande wa kukunja, maana sasa msimamizi alisema anaonekana ni mtu wa kudumu, lakini mgongo ulimfuata hata huko, kwenye joto na weupe wa mashuka. Alijikuta akiomba, akikunja, bila kujua anaombea nini. Asiwe yeye, ili wakae. Awe yeye. Asiwe.

*

Picha ilifika siku ya shule kufungwa, kwa hiyo ilibidi waende na Kidoti.

Wakili hakuichapisha kwenye karatasi. Aliigeuza skrini ya kompyuta upande wao. "Tayari?" aliuliza, na hakungoja jibu, kwa kuwa hakujua alichokuwa akiuliza.

Ilikuwa picha safi, ya rangi, kubwa kama uso wa mtu aliyeketi mbele yao. Mwanaume wa makamo, mashavu manene, amevaa tai ya samawati. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Masikio yake yalilala kichwani kama ya watu wengine wote. Hakuwa Njiti. Hakuwa mwana wa mtu yeyote waliyemjua. Walikuwa hawajawahi kumwona maishani, na chini ya kidevu chake, kwa herufi nyeusi, liliandikwa jina la baba yake Kidoti.

"Ndiye baba?" aliuliza mtoto.

"Hapana, mjukuu wangu," mama mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Alisogeza kiti, akamkagua mgeni yule tangu nywele hadi tai, bila chuki, kama mtu anavyomkagua mchumba wa binti wa jirani. "Huyu ana mama yake kwingine. Kwetu kachukua jina tu."

Wakili alipumua kwa nguvu. Alianza kueleza, haraka haraka, kwamba hii ni nzuri, ni nzuri mno, majina ya watu waliokufa huuzwa na kununuliwa, kwamba kiapo cha mama kimesimama imara kwa sababu hawakumtaja yule utingo. Alikuwa akizungumza na Mama Kidoti. Kisha akasita, akasukuma kiti nyuma.

Mama Kidoti alikuwa ameinama, paji la uso likigusa ukingo wa meza. Alikuwa hajalia mochari, wala kaburini, wala alipozaa, wala mbele ya wale waliomhoji na kuandika kwamba haonyeshi huzuni ya mjane. Sasa kilio kilimtoka toka tumboni, kibaya, kisicho na adabu, mpaka muuza magodoro kule chini akasimamisha maongezi na mteja wake. Ndipo alipojua kwamba miezi yote ile, akimpiga vita mama wa watu kwa matumaini yake, yeye mwenyewe alikuwa akimngoja mumewe mlangoni.

Kidoti alijibanza ukutani, ameshika mfuko wa shule, macho yamemtoka.

Mama mkwe alisimama. Aliuzunguka mgongo wa kiti cha mkwe wake, akamwekea mikono miwili mabegani. Walikuwa wamekimbia kabla matanga hayajakaliwa. Hakuna mtu aliyewahi kukaa nao msibani, hakuna aliyewashika mkono. Basi alifanya yeye, pale ofisini, mbele ya skrini, kama ambavyo ingefanywa siku ile.

"Pole kwa msiba," alimwambia. "Pole sana, mwanangu. Ndiyo tumefiwa."

"Nawe pole, mama," Mama Kidoti alijibu kwenye kilio chake. "Pole kwa msiba."

Wakili alinyoosha mkono, akaizima kompyuta.